Bubu wa Stara Grobla

Gelsenkirchen, 29 Septemba 1946

Dada Truda mpendwa,

Kaa kitini kwanza, kisha usome. Ni mimi, Berti, mdogo wako, na niko hai. Waingereza waliniachia mwezi wa tano wakanileta mgodini huku Ujerumani magharibi, maana wanataka makaa kuliko wanavyotaka wafungwa. Mwili mzima, isipokuwa vidole viwili vya mguu vilivyobaki kwenye theluji ya vita, na hivyo sikuwa na kazi navyo. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Kassel. Bomu liliikata nyumba yake katikati, lakini nusu yetu ina paa.

Mama hajambo? Wilim wako amerudi? Ng'ombe yupo?

Sasa lililonikaa kooni. Msalaba Mwekundu wameniandikia kwamba mke wangu Hannelore alikufa kwa homa ya chawa hapo kwako, Julai ya mwaka jana. Juu ya hilo sitaandika, siwezi. Lakini karatasi yao haikusema lolote juu ya Edelka wangu. Nilipomwacha alikuwa na miaka minne na alikuwa haishi kusema, hata usingizini alikuwa akigombana na watu. Yuko hai? Niandikie neno moja tu, hata kama ni lile baya.

Ndugu yako,
Berti


Stara Grobla, 3 Novemba 1946

Berti, mdogo wangu,

Edelka yuko hai. Nimeanza na hilo ili usizimie, salamu zitafuata.

Mama hajambo, anakohoa na kugombeza watu, kwa hiyo ni mzima. Wilim bado. Warusi waliwachukua wanaume wa kijiji kwenda kuchimba makaa kwao, na tangu wakati huo sijapata hata kadi. Ng'ombe usiulize.

Barua hii inakuja na mke wa mwalimu Scholz. Wanafukuzwa Jumatano kwa treni, naye ameishona ndani ya sidiria yake, ndiyo maana naandika waziwazi. Za posta hufunguliwa. Na wewe mwerevu wangu ukaandika kwa Kijerumani! Tarishi mpya aliishika barua yako kwa ncha za vidole, akaniuliza kwa sauti pale uzioni, watu wakisikia: "Mama Mrochen, kumbe una ndugu Mjerumani?" Nikamwambia ni watu wa kiwanda cha cherehani wananidai sindano. Alipoondoka nilikaa chini kwenye matope. Usirudie tena. Andika kwa lugha ya nyumbani, Kipolandi cha Mama, hata ukikosea kila neno.

Hujui tulivyo huku. Nchi yetu, iliyokuwa Ujerumani, imekuwa Polandi, na kamati inapita nyumba kwa nyumba kutupambanua. Anayeonekana Mpolandi anabaki na shamba lake, anayeonekana Mjerumani anapandishwa treni na kibunda kimoja. Na sisi ni nini, Berti? Mama anasali Kipolandi tangu azaliwe, mimi na wewe shuleni tulifundishwa kuhesabu kwa Kijerumani, na tuligombana kwa zote mbili. Mama ndiye aliyetuokoa. Mwenyekiti alimwuliza kama anaijua Baba Yetu. Akaisema, akaunganisha na Salamu Maria, akaingia litania, akaanza nyimbo za hija. Mwenyekiti akasema, "Basi, bibi, imetosha." Mama akamwambia, "Tulia, kijana, bado sijafika kwa watakatifu wanawake." Tukapewa karatasi.

Lakini Edelka ni mtoto wa mjini, wa Hannelore. Hajui neno lolote isipokuwa Kijerumani. Na Kijerumani kikisikika njiani ni faini, na wengine wamepelekwa kambini. Mke wa Piechota alifungwa kwa sababu mwanawe aliimba wimbo wa chekechea kisimani. Ningefanyaje? Nilimpigia magoti mtoto nikamwambia, "Edelka, tucheze mchezo. Tuone nani atanyamaza zaidi." Kisha tukamwandikisha kwa jina la Adela, yatima wa upande wa Wilim, bubu tangu kuzaliwa.

Anaucheza mchezo huo vizuri sana. Yuko salama, anakula, ana joto. Usiniulize zaidi.

Dada yako,
Truda


Gelsenkirchen, 12 Januari 1947

Dada Truda,

Salamu kwako na kwa Mama. Unaona? Naandika lugha ya nyumbani. Herufi zimeniteua mimi kuwa mpumbavu wao, kila moja inakaa inapotaka. Mama atacheka, msomee polepole.

Huku baridi imetubana, tunaiba makaa tunayoyachimba wenyewe, na padre wetu amesema si dhambi mradi yatoshe jiko moja. Chakula ni mkate wa mahindi na zamu ya kupanga foleni. Bi Kassel amenifumia glavu. Ni mtu mwema, ingawa mkali kwa usafi.

Nimefurahi kusikia juu ya yule Adela, yatima wenu. Maskini, kuzaliwa bila sauti! Lakini hata mabubu wana namna zao. Milango ikifungwa mkiwa peke yenu, huwa mchangamfu? Anaonyesha kumkumbuka mtu yeyote? Niandikie alichosema, yaani alichoonyesha, hata kidogo. Mtu akiwa chini ya ardhi tangu alfajiri anahitaji kitu cha kutafuna.

Wako,
Berti


Stara Grobla, 2 Machi 1947

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, na anasema umeandika kama kuku aliyetembea kwenye wino. Aliicheka barua yako mpaka akakohoa, kisha akailalia. Wilim bado.

Theluji imefika kwenye madirisha. Tunachambua manyoya ya bata bukini jioni nzima, kama zamani, mimi, Mama na Adela, na Bi Pohl wa ng'ambo ya barabara huja kutusaidia. Unakumbuka Mama alivyotukataza kupiga chafya? Bado anakataza. Adela amekuwa hodari, vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu. Hukaa chini ya mkono wa Mama, na Mama humsimulia hadithi zile zile za kwetu, na kuhesabu manyoya kwa sauti kwa lugha ya nyumbani, jedyn, dwa, trzi, mpaka wote wawili wasinzie. Amerefuka. Viatu vya mwaka jana havimtoshi.

Nyumba ya mwalimu Scholz amepewa mtu kutoka mashariki, Bwana Zarzycki, aliyehamishwa kwao baada ya nchi yao kuchukuliwa na Warusi. Amekuja na mbuzi mmoja na picha ya Bikira Maria, hana mke wala mtoto. Ni mtu wa maneno machache. Ameingizwa kwenye kamati. Dirisha lake linatazama jikoni kwetu, kwa hiyo tunapika huku pazia limeshushwa.

Huyo Bi Kassel umemtaja mara mbili na glavu zake. Mimi ni dada yako, sijazeeka kiasi hicho.

Truda


Gelsenkirchen, 23 Machi 1947

Truda,

Salamu nyingi, na Mama umbusu.

Nimekuuliza anasema nini, umenijibu viatu havimtoshi. Nakujua tangu unanifunga nepi. Ukianza kuniambia habari za manyoya ujue kuna jambo. Ni mgonjwa? Amekufa na unaniogopa? Nimeota mara nyingi kwamba nimesimama uani kwetu naita jina lake, na mtu anatoka, na si yeye.

Bi Kassel asiingizwe katika hili.

Niambie kweli.

Berti


Stara Grobla, 10 Aprili 1947

Ndugu mpendwa,

Sisi hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Wilim bado.

Jumatatu ya Pasaka wanaume walipita na ndoo kumwagia wanawake maji kama ilivyo desturi, na jirani yetu mpya naye alikuja. Nilimpa yai la Pasaka, kama anavyopewa kila apitaye. Nilichukua lililokuwa juu kwenye kapu bila kuliangalia, na yeye akalitia mfukoni. Baadaye Mama alihesabu mayai akaniuliza lile jekundu liko wapi, akaniambia lilikuwa limechorwa nini. Tangu hapo sijala.

Usiniandikie tena mpaka nikuandikie. Tafadhali, Berti.

T.


Stara Grobla, 15 Juni 1947

Berti wangu,

Ukisoma barua hii tazama aliyesimama mbele yako, umshike kichwa kwa mikono yote miwili, kisha uendelee.

Bi Pohl anafukuzwa, kwa sababu hana Baba Yetu ya Kipolandi hata nusu. Ameandikisha kuwa Edelka ni mjukuu wake. Treni yao inawapeleka upande wa Ujerumani unaoshikwa na Warusi, lakini ameapa kwa kaburi la mumewe kuvuka naye mpaka hadi kwako, hata kwa kutambaa. Kijijini nimesema masista wamemchukua Adela kwenye shule ya mabubu. Kwa kuwa barua imo kwenye soli ya kiatu chake kipya, sasa nakuambia kweli yote uliyoniomba.

Hasemi, Berti. Si mchezo tena. Mwaka wa kwanza, milango ikifungwa, alikuwa ananinong'oneza sikioni kama bomba la maji lililofunguliwa. Halafu maneno yakapungua. Siku moja mwezi wa nane mwaka jana nilifunga mlango, nikashusha pazia, nikamwambia, "Haya, sasa sema," akanitazama tu. Nilimbembeleza, nilimpa sukari, Mungu anisamehe nilimfinya. Akalia bila sauti. Wewe umewahi kumwona mtoto analia bila sauti? Nilipokuandikia kwamba anaucheza mchezo vizuri, tayari hakukuwa na mchezo. Niliogopa kukuambia. Nilifikiri neno litarudi kabla hujajua.

Sasa yai. Ijumaa Kuu tulikaa kuchora mayai kwa ncha ya wembe, maua na majani, kama Mama alivyotufundisha. Tulimpa na yeye wembe wa zamani. Aliinama juu ya yai lake jekundu asubuhi yote, ulimi nje. Mimi nilifurahi kumwona ameshughulika, sikutazama. Alikuwa anaandika jina lake. Edeltraut, lote, kwa herufi zile za shule ya Kijerumani alizofundishwa na mama yake. Hajui kuandika kitu kingine. Na mimi nikalichukua yai hilo kwa mkono wangu nikampa mtu wa kamati.

Alikaa nalo hadi Ijumaa. Kila lilipopita gari nilijua ni letu. Mama alivaa nguo zake zote, moja juu ya nyingine, akakaa na rozari karibu na mlango. Alisema kama ni treni basi ni treni, lakini hataondoka bila koti.

Ijumaa jioni Zarzycki alibisha. Aliingia bila kuvua kofia, akakaa mezani mahali pa Wilim, akaliweka yai lile mbele yangu. Edelka alikuwa ameganda karibu na jiko.

Akaniuliza, "Bubu anajua kuandika?"

Nikasema, "Bwana, mtoto huchora tu."

Akasema, "Mimi nasoma Kijerumani. Nilikaa kwenye kambi yao."

Yeye akagonga yai kwenye ukingo wa meza, akalimenya, taratibu, vipande vyote vya ganda akivikusanya kwenye kiganja. Akaomba chumvi. Mama akampa. Akalila yai lote, huku sisi tunatazama mdomo wake, kisha akanyanyuka akafungua jiko na kuyatia maganda motoni.

Alipofika mlangoni ndipo akasema, bila kugeuka, "Binti yangu naye tulimfundisha jina jingine, kule kwetu. Akayachanganya majina mbele ya wanajeshi." Nikangoja amalizie. Akasema tu, "Wengine kwenye kamati nao wanasoma, Mama Mrochen. Na mimi sili mayai kila siku."

Ndiyo sababu namtoa. Nilikuwa nataka abaki, na hilo nalo sikukuambia. Sina mtoto, Wilim bado, na kichwa cha mtoto kilinikaa vizuri kwapani. Nilifikiri nikikujibu kwa manyoya na viatu hutamtaka. Sasa umchukue. Huko anaweza kusema Kijerumani njia nzima na hakuna atakayegeuka. Kitarudi, Berti. Akishajua kwamba hakuna cha kuogopa tena, kitarudi.

Hapendi kabichi. Hulala ameshika sikio la mtu.

Shangazi yake,
Truda


Gelsenkirchen, 31 Agosti 1947

Dada Truda,

Alifika. Bi Pohl alimvusha msituni hadi kambi ya wakimbizi ya Friedland, na hapo nikawakuta, bibi ana mguu umevimba, mtoto ana kiatu kimoja, kile chenye barua. Mungu ambariki mwanamke huyo, sasa yuko kwa mpwa wake, mji mwingine. Edelka nilimshika kichwa kwa mikono miwili kama ulivyosema. Alinitazama kama mtu anayetazama ukuta uliopakwa rangi mpya. Lakini usiku ule ule alilishika sikio langu.

Mama anaendeleaje? Mwambie na rozari aliyompa mtoto nimeipokea.

Nitakuandikia yaliyotokea, kwa sababu nisipokuandikia wewe sina mwingine.

Wiki nyingi hakusema kitu. Nilimsemesha Kijerumani kutwa. Bi Kassel alimsemesha, watoto wa ngazini walimsemesha. Hakuna. Daktari alisema tungoje. Bi Kassel alimshonea gauni kutokana na pazia, na nikwambie ulilokwisha kulijua, tumekubaliana kuoana baada ya mavuno ya viazi.

Lakini uelewe hali ya huku. Tuliokuja kutoka mashariki hatupendwi. Wanasema tumejaa kila chumba, tunakula kila kiazi. Watu hutuita Wapolandi, na si kwa salamu. Nilipopanga hapa nilimwapia Bi Kassel kwamba sisi ni Wajerumani halisi, kwa baba na kwa babu. Kuhusu litania za Mama sikumwambia. Mumewe mwenyewe aliuawa Polandi.

Jumapili iliyopita watoto walikuwa wanacheza kujificha kwenye kifusi cha nusu ya nyumba iliyoanguka. Zamu ikawa ya Edelka kutafuta. Mimi na Bi Kassel tulikuwa dirishani tunakunywa kahawa ya shayiri, na majirani wako uani. Nikamwona anaegemeza uso ukutani, anafunga macho. Akafungua mdomo, Truda. Akahesabu. Kwa sauti kubwa, ya kukwaruza, ya mtu asiyeijua sauti yake. "Jedyn! Dwa! Trzi!" Hadi ishirini, lafudhi ya Mama tupu.

Ua mzima uligeuka. Mwanamke mmoja akacheka, akasema, "Alaa, kumbe Mpolandi mdogo." Bi Kassel aliweka kikombe chini. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Berti, ninyi ni watu gani?"

Nilishuka ngazi zile mbio, kwa vidole nilivyo navyo na nisivyo navyo. Wewe unafikiri nilikwenda kumkumbatia. Nilikwenda nikamziba mdomo kwa kiganja. Nikamwambia kwa Kijerumani, "Nyamaza, mtoto, nyamaza." Nilihisi midomo yake bado inahesabu ndani ya mkono wangu, halafu ikaacha.

Tangu hapo kimya tena. Bi Kassel anasema tungoje ajifunze Kijerumani sawasawa kwanza ndipo atoke nje, mpaka harusi ipite, mpaka watu wasahau. Amesema kwa wema. Nami sijui nimjibu nini. Chumba kingine hakuna mji mzima, Truda. Naogopa.

Berti


Stara Grobla, 21 Septemba 1947

Berti,

Leo sina salamu ndefu. Wilim bado. Mama yuko kitandani, lakini nilimsomea barua yako mara mbili, na ya pili aliniambia niache pale pa kuhesabu nirudie. Nikarudia. Akasema, "Yale ni manyoya yangu," akageukia ukutani, mabega yakamtikisika, sijui ni kicheko au nini.

Barua hii naitia posta kama barua nyingine yoyote, na nimeandika jina lako juu ya bahasha bila kulificha. Tarishi ameiona bahasha uzioni, akaniuliza kama ni ya wale wa cherehani. Nimemwambia ni ya ndugu yangu Engelbert na binti yake Edeltraut. Atakayeifungua na asome. Zarzycki amesikia, na ameendelea kukamua mbuzi wake.

Mimi nilimfunga mtoto mdomo kwa ajili ya shamba. Nilijiambia ni kwa ajili yake, na nusu ilikuwa kweli. Wewe unamfunga kwa ajili ya chumba na mke. Nilipomnyamazisha Kijerumani chake, alikwenda kutafuta mahali pengine pa kusemea, chini ya mkono wa Mama, akakusanya neno moja moja bila sisi kujua, akabeba yote hayo msituni kwa kiatu kimoja. Ukimnyamazisha na hapo, atakwenda wapi? Hana lugha ya tatu.

Bi Kassel akikuuliza tena ninyi ni watu gani, mjibu. Akikufukuza, mtalala kwenye kifusi, nanyi wote wawili mmeshalala pabaya zaidi. Na asipokufukuza, nitamfumia mimi glavu.

Mtoe nje hadi uani. Mpeleke ukutani pale pale, watu wakiona. Uegemeze hapo uso wako wewe, ufumbe macho, uhesabu kwa sauti, jedyn, dwa, trzi, kama tulivyohesabu utotoni tukicheza kujificha nyuma ya banda. Mkono wako uweke mfukoni.

Truda